Nakula maandazi usiku bila njaa. Je, chai ya kusafisha tumbo itanisaidia?

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nyakato hapa Mwanza. Wa mwisho ana miezi minane, bado ananyonya. Baba yao yuko Geita kikazi, huja mara moja kwa mwezi. Nauza maandazi asubuhi, mchana nashinda na chai ya rangi tu. Watoto wakilala nafunua ndoo ya maandazi yaliyobaki, nakula manne, matano, nimesimama hapohapo jikoni, na wala sina njaa. Nikimaliza najichukia. Jirani kaniuzia chai ya kusafisha tumbo, anasema inayeyusha mafuta na kukata hamu. Niinywe?

JIBU: Usiinywe, dada yangu. (Na mimi ni afisa lishe, si daktari, wenyewe wakisikia watauliza nimepanda cheo lini.)

Kina mama wenye swali lako nakutana nao kila wiki, na karibu wote huanza kwa kujitukana: "Mimi mlafi." Mlafi gani anashinda na chai ya rangi? Anayenyonyesha mwili wake unadai takriban kilokalori 500 za ziada kwa siku. Wewe unaukopa tangu alfajiri, usiku unakuja kudai. Halafu mtoto anakukatiza usingizi, na usipolala vya kutosha homoni ya njaa hupanda, ya kushiba hushuka. Juu yake kuna ada, kodi, na nyumba iliyonyamaza. Msongo unapoendelea, mwili humwaga kotisoli, homoni ya msongo, na kotisoli hupenda sukari na mafuta. Andazi lina vyote. Ndiyo maana hujawahi kujikuta unafunua sufuria ya mchicha saa tano usiku.

Sasa hiyo chai. Nyingi ya chai hizi ni dawa ya kuharisha iliyovalishwa jina zuri, mara nyingi majani ya sena. Sena inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati andazi limeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, ikiwemo potasiamu ambayo moyo unaitegemea. Asubuhi mzani umeshuka kilo moja, unafurahi. Ukinywa maji inarudi. Ukizoea, utumbo unaweza kugoma kufanya kazi bila hiyo chai, na muuzaji amepata mteja wa kudumu.

Na hizo ni zile nafuu. Kuna vidonge vya "mitishamba" vya kupunguza unene ambavyo maabara za nchi mbalimbali zimekuta vimechanganywa sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kwenye pakiti haiandikwi. Nikiwauliza wauzaji ndani kuna nini, wanajibu "mitishamba". Mtishamba gani? Hapo simu inakatika. Na wewe unanyonyesha!

Kwako wewe anza na mchana. Saa nne, ukishafunga biashara, kunywa uji mzito au kula viazi vitamu na maziwa. Saa nane ugali na dagaa, mboga pembeni, na ukae chini ule. Maandazi yaliyobaki yauze kwa bei ya kutupa kabla ya magharibi. Usiku ukitaka kula, kula, ila kwenye sahani na umeketi. Saa hiyo ya kimya mwambie baba watoto ndiyo apige simu, hata dakika kumi.

Ila kama unajitapisha baada ya kula, au huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili na hata mtoto humfurahii, hilo si la andazi tena. Siku ya kliniki ya mtoto mweleze muuguzi, usingoje akuulize. Wao hupima mtoto, mama wanampita. Na hiyo pakiti ya jirani nenda nayo ukamwonyeshe.