Mama mkwe alipoanguka Ijumaa Kuu ndo nikaanza kuuliza tunafunga nini

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hivi: ni fundisho gani la Kanisa ulikuwa unalifuata kwa mazoea tu, ukaja kulielewa ukubwani? Nimeona nilijibu kwa kirefu kidogo maana hili limenipata nyumbani kwangu kabisa. La kwangu ni mfungo wa Kwaresima.

Mi nimezaliwa Mkatoliki, nimebatizwa mchanga, komunyo ya kwanza nikiwa darasa la nne, kipaimara sekondari, ndoa kanisani. Kwa hiyo Kwaresima naijua tangu nilipoanza kuijua dunia. Unapakwa majivu, Ijumaa huli nyama, padri anavaa zambarau, Aleluya haiimbwi, unatembea Njia ya Msalaba vituo 14, halafu inafika Pasaka unavaa nguo mpya mnapika pilau. Ungeniuliza kwa nini ningekujibu ndivyo tulivyofundishwa, basi, sina cha kuongeza.

Sasa tarehe 7 Aprili 2023, Ijumaa Kuu. Tunakaa Mbagala, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, uwani tunatumia wote, na mlango wa pili yupo jirani yangu Mwislamu ambaye tumezoeana sana kiasi kwamba watoto wake na wa kwangu hata sahani hawatofautishi. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Rombo kututembelea. Ana miaka 67 wakati huo, ana sukari, anatumia vidonge asubuhi na jioni. Asubuhi ile alimeza vidonge vyake na maji nusu glasi akaniambia, mwanangu mi leo sili kitu mpaka jioni nikishabusu msalaba. Nami nikaona ndo imani hiyo, nikamwambia sawa mama. Tukatoka kwenye Njia ya Msalaba ya barabarani, jua lile na joto lile, tukarudi saa saba na nusu hivi tujiandae na ibada ya saa tisa. Kufika uwani akashika nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, jasho linamtoka usoni kama amemwagiwa maji, mikono inatetemeka, akaniita kwa jina la wifi yangu, halafu akaenda chini.

Nilipiga ukelele. Aliyekuja mbio ni jirani yangu, naye yuko kwenye swaumu maana Ramadhani mwaka ule ilikuwa imeshaanza tangu mwezi wa tatu, midomo yake imekauka kabisa, lakini kabla mi sijafikiria chochote alishakoroga sukari kwenye kikombe cha maji anamnywesha mama kidogo kidogo kwa kijiko huku amemwegemeza kifuani kwake. Yeye mama yake mzazi alikuwa na sukari, kwa hiyo alijua anachokiona, kwamba sukari ya mama imeshuka. Baada ya muda mama akafumbua macho vizuri akaomba uji.

Mama alipokwisha kulala jirani akaniuliza kwa upole tu, wala hakunisema. Akasema, shoga, kwenu mgonjwa naye anafunga? Sisi kwenye Kurani mgonjwa na msafiri wana ruhusa, atalipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa analisha maskini. Nyie Kanisa lenu linasemaje?

Sikuwa na jibu. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, katibu wa jumuiya (kikundi chetu cha sala cha mtaani), nimekaa kwenye kigoda sina jibu. Na nikajua kabisa moyoni kwamba kutokujua kwangu kumekaribia kumuua mama wa watu.

Wiki ya Pasaka ile ile nikaenda kwa katekista wetu, mwalimu wa dini, ni mzee amefundisha watu miaka mingi, nikamsimulia yote. Hakunilaumu. Akatoa kitabu cha Sheria za Kanisa, ile ya mwaka 1983, akanifungulia kanuni namba 1251 na 1252 akaniambia soma mwenyewe kwa sauti. Nikasoma. Kufunga kunawabana waliotimiza miaka 18 mpaka wanapoingia mwaka wa 60. Kutokula nyama kunaanza miaka 14. Yaani mama wa miaka 67, hata angekuwa mzima wa afya, sheria ilikuwa imeshamwachia zamani, sembuse na sukari. Na siku zenyewe za kufunga kwa lazima ni mbili tu mwaka mzima, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na namna yake ni mlo mmoja wa kushiba, ukila kidogo asubuhi na kidogo jioni hujavunja kitu. Ijumaa nyingine ni kuacha nyama. Hata hiyo ina nafasi yake, sherehe kubwa ikiangukia Ijumaa nyama inaruhusiwa, mfano 2021 sherehe ya Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi ilikuwa Ijumaa katikati ya Kwaresima, nami nakumbuka siku ile nilimgombeza mwanangu kwa kula mshikaki.

Nikamuuliza sasa mama haya ya kushinda njaa mpaka jioni kayatoa wapi? Akanieleza kwamba zamani ndivyo ilivyokuwa, wazee walifunga siku nyingi zaidi na kwa ukali zaidi, mwaka 1966 Papa Paulo VI ndo akalegeza akaziacha hizo siku mbili. Mama mkwe alizaliwa miaka ya 50, amelelewa na wazazi walioshika utaratibu ule wa kwanza, kwa hiyo alichokuwa anakifanya hakukibuni, alikuwa anawafuata baba na mama yake. Hilo lilinigusa sana kwa kweli. Nilikuwa nimeanza kumwona mbishi, kumbe alikuwa anawatii watu waliokwisha lala kaburini.

Nikarudi na majibu yangu kwa jirani kama mwanafunzi aliyefaulu. Akanisikiliza, akafurahi, halafu akaniuliza la pili: sasa shoga kama mnakula mchana, na Ijumaa mnakula samaki, nyie mnajinyima nini hasa? Hakuwa anabeza, alitaka kujua. Na hapa ndo palipo kiini cha jibu langu, maana lile la kwanza nililipata kitabuni lakini hili la pili lilinichukua karibu mwaka mzima.

Ngoja niseme tulivyokuwa tunaishi. Kila Ijumaa ya Kwaresima nilikuwa naamka alfajiri naenda Feri kununua samaki, na si samaki wa kubabaisha, nguru mnene au changu wakubwa, nakuja nawapaka nazi na ndimu. Nyumba nzima inasubiri Ijumaa. Nusu kilo ya nyama ilikuwa elfu tano, samaki wale na nazi na nauli inafika elfu 20 na kitu. Sheria sijavunja, nyama haijaingia jikoni. Lakini nikawaza, kama siku ya kujinyima ndo siku tunayokula vizuri kuliko zote, na pesa inayotoka ni mara nne, nimejinyima wapi?

Kwaresima ya 2024 ilianza tarehe 14 Februari, mtakumbuka majivu yaligongana na Valentine, mji mzima mwekundu nasi tuna majivu usoni (mimi na mume wangu mtoko tuliufanya Jumanne, tukala nyama choma yetu kwa amani). Ijumaa ya kwanza baada ya majivu nikaenda misa ya asubuhi ambayo sijawahi kwenda siku ya kazi. Somo lilikuwa Isaya sura ya 58. Nimelisikia mara ngapi sijui, lakini siku ile liliingia. Watu wanamlalamikia Mungu, mbona tumefunga nawe huoni? Naye anawajibu kwamba saumu anayoitaka ni kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa chakula chako, kumvika uliyemwona uchi. Chakula CHAKO. Si cha ziada, ni kile ambacho ungekila wewe. Na injili ya siku hiyo hiyo wanamuuliza Yesu mbona wanafunzi wako hawafungi, anasema zitakuja siku bwana arusi ataondolewa kwao, hapo ndipo watakapofunga.

Padri akaongeza kitu kimoja, kwamba Papa Leo Mkuu karne ya 5 huko Roma alikuwa akiwahubiria watu kuwa kujinyima kwa anayefunga kuwe ndo shibe ya maskini. Mi nilitoka pale sijapanda hata daladala, nimetembea. Maana nikaona kile nilichokuwa sijakiona maisha yangu yote, kwamba unachokiacha lazima kiende mahali. Nyama niliyoiacha mi nilikuwa naiacha hewani, haikumfikia mtu yeyote, nilikuwa nabadilisha mboga tu.

Nikachukua kopo tupu la maziwa ya unga nikaliosha nikaliweka juu ya kabati la vyombo. Nikawaambia watoto, Ijumaa hatuli nyama na Feri siendi tena, tunakula maharage na mchicha ambavyo vipo ndani, na ile elfu tano ya nusu kilo inaingia humu. Wa kwanza ambaye alikuwa na miaka 14 alinuna wiki mbili, ukweli lazima niuseme. Mdogo yeye alikuwa na miaka 9, sheria haimbani ila wazazi tumeagizwa tuwafundishe maana ya toba, basi akaamua mwenyewe kuacha barafu za mia mia anazonunua shuleni, kila siku anatumbukiza sarafu yake, tena anasimama kwenye stuli anasikiliza inavyolia. Ijumaa za Kwaresima ni 7 ukihesabu na Ijumaa Kuu, ongeza Jumatano ya Majivu zinakuwa siku 8, mara elfu tano ni elfu 40. Ukiweka na sarafu za mtoto na alichoweka baba yao tulifika elfu 61.

Jumuiya yetu inasali Jumamosi saa 12 asubuhi. Hizi jumuiya ndogo ndogo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele kwenye mkutano wao wa mwaka 1976 na mi naona kazi yake hasa ni hii, kwamba unajua nani kwenye mtaa ana shida gani bila kumwaibisha. Kulikuwa na kijana wa bodaboda amevunjika mguu, mke ana mtoto mchanga, wiki ya tano hiyo hakuna kinachoingia. Tukapeleka unga, mchele, mafuta, sabuni, na hela ya kodi kidogo. Mtoto wangu ndo aliyebeba sabuni. Jioni ananiuliza, mama, zile barafu zangu ni hii sabuni? Nikamwambia ndiyo.

Tangu hapo na mambo mengine ya kipindi hiki nikawa nayafuatilia kwa hamu. Nikajua kwa nini tunasema siku 40 wakati ukihesabu kutoka majivu mpaka Jumamosi Kuu unapata 46, ni kwa sababu Dominika (yaani Jumapili) 6 hazihesabiwi, kila Dominika ni Pasaka. Mtu akinialika harusi au sherehe Dominika ya Kwaresima nakula bila wasiwasi. Nikajua majivu yenyewe ni matawi ya Dominika ya Matawi ya mwaka uliopita yaliyochomwa, sasa matawi yetu hatutupi tena, tunayachomeka nyuma ya msalaba sebuleni mpaka parokia itakapoyakusanya. Na Pasaka si siku moja ya pilau, ni siku 50 mpaka Pentekoste, kwa hiyo na kuadhimisha nako kuna urefu wake, tena kumezidi mfungo! Hili huwa nalisema sana jumuiyani kwa sababu watu tunajua kuhuzunika siku 40 halafu furaha tunaimaliza Jumatatu ya Pasaka.

Nilipomweleza jirani habari ya kopo hakusema mengi. Ila 2025 mifungo yetu ilifuatana kabisa, wao walianza mwanzoni mwa Machi, sisi majivu yakawa tarehe 5, basi Ijumaa moja magharibi akagonga na bakuli la maharage ya nazi na mihogo, akasema leo hamna nyama najua, fungueni nasi. Tukakaa uwani kwenye mkeka mmoja. Watoto wake wakasubiri adhana na wa kwangu wakasubiri nao, hakuna aliyewaambia.

Na mama mkwe. Yeye nilidhani ndo itakuwa kazi ngumu, mtu wa umri ule unaanzaje kumwambia alivyofundishwa na wazazi wake siku hizi sivyo. Nilimwomba katekista aje nyumbani, wakaongea kizee wawili, mi nikiwa jikoni. Nilisikia tu mama anauliza, kwa hiyo mwalimu nikinywa uji sijamkosea Bwana wangu? Katekista akamjibu, mama, huo uji ndo utii wako. Kimya kikawa kirefu. Halafu mama akasema, basi mi nitatoa nini? Akaambiwa atoe anachoweza, na toka siku ile yeye amechagua kila Ijumaa kusali rozari nzima kwa ajili ya wagonjwa wa sukari wasio na hela ya dawa, na kwenye kopo anaweka mia tano anayoifungua kwenye pindo la khanga.

Ijumaa Kuu ya 2025, tarehe 18 Aprili, alikuwa tena hapa kwetu. Saa moja asubuhi akanywa uji wake wa ulezi kikombe kizima, akameza vidonge, akajifunga kitambaa cheupe kichwani, tukatoka. Mjukuu wake mdogo alibeba kiti cha plastiki kichwani njia nzima. Kituo cha sita, pale Veronika anapompangusa Yesu uso, mama akasema hapa nikae kidogo, mtoto akashusha kiti, akakipangusa vumbi kwa mkono, mama akakaa.