Shokapu za gari lililopandishwa: pima kwanza, dukani baadaye

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Una Land Cruiser 80 yenye injini ya 1HZ, umelipandisha inchi 2, shokapu za nyuma zimekufa kabla ya mwaka kuisha, na muuzaji anakushauri uchukue za inchi 4, yaani za gari lililopandishwa inchi 4, ili ziwe na nafasi ya kutosha. Nakuomba usizinunue bado. Ushauri huohuo niliwahi kuufuata, nikang'oa bano la shokapu (chuma kinachoishikilia kwenye chasisi) njiani nikiwa na familia. Ndiyo maana nitajibu kwa urefu kidogo.

Mimi ni dereva wa wageni, natokea Arusha kwenda mbuga za kaskazini, huu ni mwaka wa 11. Gari la kazini ni Land Cruiser 78, koili mbele na springi za mabamba nyuma. La kwangu ni 80 kama lako, koili pande zote na ekseli nzima mbele na nyuma. Nilipolipandisha niliweka springi za inchi 2, kisha nikanunua shokapu zilizoandikwa inchi 4 kwenye boksi. Niliamini shokapu ndefu itaipa tairi nafasi zaidi ya kushuka, na sikuwaza kabisa upande wa kubonyea.

Safari ya kwanza ya maana ilikuwa Ziwa Natron, kupitia Mto wa Mbu na Engaruka. Kila tulipovuka korongo nilisikia ko! nyuma, kama mtu anapiga chasisi kwa nyundo. Nikadhani springi ni laini, nikapunguza mwendo. Baada ya Engaruka bano la juu la kushoto likaachia. Tulirudi taratibu hadi Mto wa Mbu, shokapu imefungwa kwa waya, na gari linayumba kila penye kona.

Fundi mzee aliyetupokea hakuanza na kuchomelea. Alilala chini ya gari, akapitisha kidole kwenye ule mpira wa kugotea unaoning'inia chini ya chasisi, juu ya ekseli. Akanionyesha kidole: vumbi jekundu, limekaa kama unga, halina alama hata moja. Akasema, "Mwanangu, huu mpira haujaguswa tangu ufunge hizi shokapu. Sasa kipigo cha korongo zote hizo nani alikuwa anakipokea?" Sikuwa na jibu. Kipigo kilikuwa kinapokelewa na shokapu yenyewe. Fimbo ilikuwa inafika mwisho wa silinda kabla ekseli haijafika kwenye mpira, na uzito wote wa nyuma unatua kwenye pini moja.

Hilo ndilo neno langu kuu kwako. Shokapu haibebi gari, springi ndiyo inayobeba. Shokapu inatuliza springi isiendelee kuruka, inaugeuza ule mtikisiko kuwa joto ndani ya mafuta yake. Haikutengenezwa kuwa kizuizi cha mwisho wakati gari linapobonyea. Kizuizi ni mpira wa kugotea. Ukinunua kwa kusoma namba ya inchi kwenye boksi, hujui ni kipi kitatangulia, mpira au shokapu, kwa sababu inchi 2 za kampuni moja na inchi 2 za kampuni nyingine si lazima ziwe na urefu sawa.

Upimaji wenyewe uko hivi. Lipakie gari mzigo unaotembea nao kila siku, liweke sehemu tambarare, kisha pima shokapu iliyopo kutoka kwenye pini ya juu hadi katikati ya tundu la chini. Halafu pima nafasi kati ya mpira wa kugotea na sehemu ya ekseli inayougonga. Kwangu nyuma nilipata milimita 530 na milimita 120. Mpira ukigongwa sawasawa unabonyea, kwa hiyo niliongeza milimita 30. Ukitoa 150 kwenye 530 unabaki na 380. Maana yake shokapu ninayoitaka, ikifungwa yote (fimbo ikiwa imezama hadi mwisho), lazima iwe fupi kuliko 380, tena na akiba kidogo. Zile za inchi 4 zilikuwa na urefu wa milimita 420 zikifungwa. Zilifika mwisho baada ya milimita 110, na mpira ulikuwa unasubiri kwenye 120. Ndiyo maana vumbi halikuguswa.

Hizo ni namba za gari langu, usizichukue. Springi zako na mzigo wako si wangu. Tena hesabu hiyo ni ya kuanzia tu, kwa sababu shokapu nyingi zimelala kwa pembe, na ekseli inapopinda upande mmoja ukiwa juu na mwingine chini, mambo hubadilika. Njia ya uhakika ni kuweka chasisi kwenye stendi imara, kutoa koili na shokapu, kisha kuinua ekseli kwa jeki upande mmoja mpaka igote kwenye mpira, na hapo ndipo unapima. Rudia upande wa pili. Ni kazi ya nusu siku, na utaisahau siku hutasikia ko! tena.

Upande wa kufunguka nao una mtego wake, hasa kwenye gari la koili kama la kwetu. Mara nyingi shokapu ndiyo inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukiweka ndefu mno, tairi likining'inia koili inalegea kwenye kikombe chake na inaweza kutoka. Kabla ya hapo paipu za mpira za breki zitakuwa zimevutika. Mimi baada ya lile tukio niliinua gari nikakuta paipu ya nyuma imekaza kama uzi wa gitaa. Sijui nilikuwa nimebakiza mabonde mangapi. Kwa hiyo ekseli ikiwa inaning'inia, angalia paipu za breki, kijipaipu cha kupumulia difu na pembe ya propela shafti. Anayezitaka za inchi 4 kwa kweli atalazimika kushusha mipira ya kugotea na kurefusha paipu hizo. Kwa inchi 2 huna sababu ya kuingia huko. Mimi nimeishia kwenye shokapu yenye milimita 370 ikifungwa na 610 ikifunguka, na mpira wangu wa kugotea sasa una alama nyeusi inayong'aa katikati, panapostahili.

Urefu ukishapatikana, kinachofuata ni uzito, na hapa nadhani ndipo zako zilipofia. Hujasema unabeba nini. Lipeleke gari kwenye mizani, upime ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, likiwa na mzigo. Springi ngumu inarudi kwa nguvu, inahitaji shokapu yenye uwezo wa kuishika inapofunguka. Ukifunga springi za mzigo mzito na shokapu za kiwandani, shokapu inafanya kazi isiyo yake mchana kutwa, inachemka, mafuta yanatoa povu, na siku chache baadaye unaona silinda imevaa tope la mafuta na vumbi.

Lakini usikimbilie iliyo ngumu kuliko zote. Njia ya kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi la Serengeti inajulikana kwa mikunjo yake, vituta vidogo vilivyofuatana kama bati. Shokapu inayozuia mno kufunguka hairuhusu tairi kurudi chini kabla mkunjo unaofuata haujafika. Tairi linabaki juu, mkunjo mwingine unalisukuma tena, na kidogo kidogo gari linazama hadi linatembea juu ya mipira ya kugotea. Dereva anasema shokapu ni mbovu, kumbe ni nzima ila haikuchaguliwa kwa uzito wa gari lake. Gari tupu lenye shokapu ya mzigo wa tani linaruka kama mbuzi. Kama siku nyingine unabeba watu saba na maturubai na siku nyingine uko peke yako, zile zenye kirungu cha kurekebisha ugumu zinafaa. Rancho RS9000XL ina hatua 9, na Tough Dog nao wanazo za kurekebisha.

Kuhusu aina, watu hubishana sana, mimi nitasema nilichokiona. Zenye mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, zinavumilia mawe, kwa sababu ukibonyea mrija wa nje pistoni haipo hapo, ipo ndani. Udhaifu wake ni kupoa polepole. Gesi ya naitrojeni ya shinikizo dogo huwekwa ili kuchelewesha povu. Za foam cell hazina gesi huru, badala yake kuna sifongo yenye vijishimo vilivyofungwa, na kwa rafu rodi ndefu naziheshimu. Zenye mrija mmoja, kama Bilstein nyingi, hupoa vizuri zaidi kwa kuwa mafuta yanagusa ukuta wa nje moja kwa moja, na mwitikio wake ni wa haraka. Lakini jiwe likiupondaponda huo mrija pistoni inakwama, imekwisha. Anayezitaka kwa njia ya Natron azifungie kinga ya bati upande wa mbele.

Kwa 80 yako iliyopanda inchi 2, mimi ningechukua foam cell au ya gesi yenye mirija miwili na pistoni nene, kutoka kampuni inayotoa springi na shokapu kwa pamoja, kama Old Man Emu au Ironman, ili ugumu wa kimoja ulingane na kingine. Dai karatasi ya vipimo. Muuzaji asiyeweza kukutajia urefu ikifungwa na ikifunguka, mshukuru uondoke. Feki zipo nyingi, rangi na stika zinafanana na halisi. Ukiishika mkononi, ivute na kuisukuma ikiwa wima: isiwe na sehemu inayoteleza bure katikati, na fimbo iwe laini bila hata kidoa cha kutu.

Kitu kingine naona umekitaja kwa kupita: gari "linatangatanga" barabarani tangu ulipandishe. Hilo si la shokapu, mkuu. Ekseli ya mbele ya 80 imeshikwa na mikono miwili mirefu. Ukipandisha, ekseli inazunguka kidogo, kasta (ule mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao tairi linageukia) inapungua, na usukani unapoteza hamu ya kurudi katikati. Dawa yake ni bushi za kasta. Tena panhadi rodi, fimbo inayoishika ekseli isiende kushoto na kulia, inaivuta ekseli pembeni kidogo, nayo irekebishwe. Nimeona mtu amebadilisha shokapu seti mbili akitibu ugonjwa huo, na pesa ikaenda.

Siku ya kufunga, mweleze fundi mambo haya. Za mirija miwili zisimamishwe wima na zipampiwe mara tano au sita kabla ya kufungwa, kwa sababu zimelala dukani na hewa imeingia penye mafuta. Pia haziwezi kufungwa kichwa chini. Nati ya pini ya juu isikazwe kwa nguvu za bega: ikaze mpaka raba itanuke ilingane na washa yake, basi. Bolti ya tundu la chini ikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Ukiikaza ekseli ikiwa inaning'inia, bushi inajifunga katika mkao ule, na gari likishuka raba inabaki imejipinda saa zote hadi ichanike. Hili la mwisho mafundi wengi wanaliruka kwa haraka, na bushi zikifa mteja anailaumu shokapu.

Baadaye, ukiwa safarini, jizoeze jambo moja. Ukitoka kwenye rafu rodi ya kama nusu saa, simama, dondoshea kila shokapu matone machache ya maji. Usiguse kwa kiganja, zinaunguza. Ile inayokausha maji haraka inafanya kazi. Ukikuta moja ina maji yanachuruzika tu wakati mwenzake wa ekseli hiyohiyo anayakausha, hiyo ya baridi ndiyo imekufa, hata kama haivuji tone. Mimi nilimgundua mgonjwa wa namna hiyo pale Naabi, kwenye 78, wageni wakiwa wanakula chakula cha mchana. Tangu siku hiyo nashusha na upepo wa tairi kidogo ninapoingia kwenye mikunjo, na siizidi ile 50 kwa saa iliyowekwa Serengeti. Tairi laini linameza mikunjo midogo kabla haijaifikia shokapu.

Kapime kesho kama una nafasi. Niandikie hapa namba nne za nyuma: pini hadi tundu gari likiwa na mzigo, nafasi hadi mpira wa kugotea, urefu ekseli ikining'inia, na uzito wa ekseli kutoka mizani. Weka na picha ya ule mpira, nataka kuona kama una vumbi.