Saa ya mwili na magonjwa ya akili: ni kazi ya kusomea?

SWALI: Yaya, jambo. Mudogo wangu anamaliza biolojia hapa Bukavu, sasa anataka kusomea saa ya mwili (ile ya ndani inayopanga kulala na kuamka) na magonjwa ya akili. Baba anasema hiyo si kazi ya mtu. Tumwambie nini? – Msomaji wa Kadutu

JIBU: Musimukataze! Ni kazi kabisa, hata tuzo ya Nobel ya 2017 wanasayansi Hall, Rosbash na Young waliipata juu ya jeni za saa ya mwili, na walianzia ku inzi wadogo wa matunda. Muangalie pia Colleen McClung, profesa wa Pittsburgh kule Marekani: 2007 yeye na wenzake walionyesha kama panya wenye jeni Clock, moja ya jeni za saa hiyo, imeharibika wanalala kidogo, wanakimbia-kimbia, hawaogopi, karibu sawa na mtu mwenye mania (ugonjwa wa akili wa kuchangamka kupita kiasi), na walipopewa lithiamu, dawa ile ile ya wagonjwa, mengi ya hayo yakapungua. Mi naona inatuhusu sana, juu huku kwetu watu wengi wanalala na woga. Njia ni ndefu kweli, masteri, doktora, kisha miaka ku labo ya mwingine mbele ya kupata yake. Aombe staji SOSAME, kituo cha wagonjwa wa akili hapo hapo Bukavu, aone wagonjwa kwanza, na Kiingereza akaze.