Kwa vijana mnaoanza kutembeza wageni Pangani

Juzi nilikuwa kwenye kivuko naelekea Bweni, nikamsikia kijana mwenye kitambulisho kipya shingoni akiwaambia wageni kwamba Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, alinyongwa Bagamoyo. Mji wenyewe aliponyongewa ulikuwa nyuma ya kisogo chake! Nikameza mate, nikatazama mto. Ila usiku sikulala vizuri, kwa hiyo pokeeni haya kabla msimu haujachanganya.

1. Habari za Abushiri zikariri kama namba yako ya simu. Agosti 1888 wakala wa kampuni ya Wajerumani, Emil von Zelewski, alipandisha bendera ya kampuni hapa hapa Pangani, na watu wakachachamaa. Abushiri bin Salim alinyongwa hapa hapa, 15 Desemba 1889. Ukipata mgeni wa Iringa, mwongezee kwamba Zelewski huyo huyo ndiye aliyeuawa na Wahehe wa Mkwawa pale Lugalo mwaka 1891. Atakununulia soda. Mimi nimekunywa nyingi.

2. Ile ya watumwa kuzikwa hai chini ya nguzo za Boma, sema "wazee wanasimulia". Usiiapie. Na omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

3. Mkonge: uliletwa na Mjerumani Hindorf, 1893, ukapandwa Kikogwe ng'ambo ya mto, miche 62 ndiyo iliyofika hai kati ya elfu moja. Inatosha. Ya miche kufichwa ndani ya mamba ni tamu, lakini iwekeni kapu moja na ya nguzo.

4. Maji. Hapa nakaa kitako.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipeleka kundi Maziwe, lile fungu la mchanga baharini linalozama maji yakijaa, siku ya nne baada ya mwezi mpevu. Tukafika saa sita u nusu, fungu jeupe, maji bado yanakupwa, watu wakala, wakaogelea, wakarudi wanaimba. Nikajiona bingwa. Nikaandika kwenye daftari: "Maziwe, saa sita u nusu." Saa tu. Mwezi sikuuandika.

Siku kumi na moja baadaye wakaja walimu kutoka Tanga, wamepika pilau yao, wana mkeka, wana mwavuli, wana mama mmoja mstaafu aliyevaa viatu vya harusi. Nahodha aliniuliza, "Mwanangu, leo saa hizo?" Nikamjibu kwa mkato, mbele za watu, kwamba ratiba naijua. Akanyamaza. Mzee wa pwani akinyamaza namna ile, teremka chomboni urudi nyumbani kwako.

Ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa sana na kukupwa sana, mwezi ndio umeandama. Siku kama hiyo maji yameshakupwa saa nne na kitu asubuhi, na ikifika saa kumi jioni yamejaa mpaka mwisho. Tulifika saa ile ile ya daftari, tukakuta fungu limebaki kipande. Nikasema, "Mnaona palivyo padogo pazuri!" Tukatandika. Tukapakua. Nikaanza kueleza jinsi kisiwa kilivyokuwa na mivinje zamani kabla bahari haijakila, nikiwa nimeyapa maji mgongo. Mwalimu wa jiografia akanyoosha mkono kama mwanafunzi: "Samahani, huu mkeka unaelea?"

Ulikuwa unaelea. Sufuria la pilau lilikuwa linazunguka polepole kama ngalawa isiyo na mwenyewe. Tulipanda chombo maji yakiwa kifuani, mawimbi ya kusi yanatugonga, mama mstaafu kabebwa na walimu wawili huku viatu kavishika juu ya kichwa. Tulipokwisha kaa, nahodha alisema neno moja tu: "Kasa wenyewe mayai yao huhamishiwa Ushongo yasizame. Wewe umeleta walimu." Nilirudisha nusu ya pesa, na hiyo nusu nyingine niliila kwa aibu.

Basi: kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake. Bamvua, nenda asubuhi, urudi mapema. Maji mafu, yaani siku yanapokupwa kidogo tu, muulize nahodha kama kuna haja ya kwenda. Kwa kweli muulize nahodha siku zote, na umwulize kwa adabu, kabla wageni hawajafika, ili akikukosoa ukosolewe faraghani. Vijana wa sasa mna ratiba za maji kwenye simu, na bado wiki iliyopita nimeona boti inaondoka saa saba siku ya bamvua. Sikupiga kelele, nilikuwa mbali. Nilipunga mkono, nao wakanipungia.

5. Wageni hurudi. Msimu wa pili yule mama alishuka kwenye basi la Tanga, safari hii kavaa ndala. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Kabla ya kuitikia aliniuliza leo mwezi una siku ngapi.