Maswali ya Wasomaji: Breki na Vyuma vya Chini ya Behewa Dogo

SWALI: Shikamoo mwandishi wa safu hii. Mimi ni kijana wa Ngamiani, Tanga, na kwa miaka miwili sasa ninatengeneza reli ndogo ya mfano juu ya meza, nikitumia mabehewa ya mizigo ya kipimo cha 1:87, yaani madogo mara 87 kuliko ya kweli, niliyoletewa na mjomba wangu. Ukiyatazama kwa juu yanapendeza, lakini nikiinama macho yakawa usawa wa reli, naona kwamba chini ni patupu: kuna plastiki bapa na magurudumu, basi. Mabehewa ninayoyaona stesheni yamejaa matangi, mabomba na vyuma vya kila namna kule chini. Nianzie wapi, na je, ninaweza kutumia uzi wa katani kutengenezea mabomba, maana huku kwetu haukosekani?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kabla hujashika gundi wala wembe, shika kwanza swali moja: nguvu ya breki inatoka wapi na inakwenda wapi? Vyuma vile unavyoviona chini ya behewa havikutundikwa ovyo. Vingi vyake ni mnyororo mmoja, ambamo silinda inasogeza wenzo, wenzo unavuta ufito, ufito unavuta boriti ya breki iliyolala kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, na boriti inakandamiza viatu vya breki juu ya magurudumu. Anayeujua mnyororo huo ataweka vipande kumi na kila mtazamaji ataamini, ilhali asiyeujua ataweka arobaini na behewa lake litafanana na meza ya muuza vyuma chakavu.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Behewa langu la kwanza nililipamba kwa majuma matatu, nikaweka viatu vya breki upande wa nje wa magurudumu, nikanyoosha fito zikanyooka, kisha nikalipeleka kwa majivuno barazani, ambako hukaa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ufundi wa mabehewa. Alilipindua, akalitazama kitambo, akacheka na kusema kwamba behewa hilo dereva akifunga breki ndipo litakapoachia. Alikuwa na haki kabisa: fito nilizifunga kwenye ncha ya wenzo ambayo, silinda ikifanya kazi, ingezisukuma kwenda nje na kuviondoa viatu kwenye magurudumu. Viatu vilivyo upande wa nje wa jozi ya magurudumu havina budi kuvutwa kuelekea ndani, na vilivyo upande wa ndani havina budi kusukumwa kuelekea nje. Tangu siku hiyo huchora kwanza mishale ya nguvu kwenye karatasi, na sibandiki kitu mpaka mishale yote iishie kwenye gurudumu.

Jambo la pili ni kujua behewa lako ni la breki za aina gani, kwa sababu umbo la chini hubadilika. Katika breki za ombwe, mashine iliyo kwenye injini hunyonya hewa kutoka kwenye bomba la treni nzima na kutoka pande zote mbili za pistoni; dereva akitaka kusimama huruhusu hewa iingie bombani, nayo huingia chini ya pistoni tu, kwa kuwa kuna vali inayoizuia isipite juu, na pistoni hupanda. Katika breki za hewa iliyobanwa, ambazo mvumbuzi wa Marekani, George Westinghouse, alizipa umbo la kujifunga zenyewe mwaka 1872, mambo huenda kinyume: bomba hujazwa hewa, siku hizi aghalabu bar 5 (bar ni kipimo cha msukumo), na msukumo ukishuka bombani, vali iliyo chini ya kila behewa huruhusu hewa iliyohifadhiwa kwenye tangi dogo iingie kwenye silinda. Kwa aina zote mbili, treni ikikatika vipande viwili, breki hujifunga bila mtu kuzigusa.

Kwa fundi wa mifano, tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Ombwe haliwezi kupita msukumo wa hewa inayotuzunguka, yaani bar 1 hivi, na katika kazi ya kawaida hupatikana kama 0.7 tu, ilhali silinda ya hewa iliyobanwa yaweza kupata hadi karibu 3.8. Ili kupata nguvu ileile, silinda ya ombwe hulazimika kuwa na kipenyo kinachozidi mara mbili cha mwenzake. Kwa hiyo ukiona chini ya behewa pipa nene lililosimama wima, limening'inia kwenye vishikizo viwili vya ubavuni ili liweze kuyumba kidogo pistoni ikipanda, hilo ni la ombwe. Ukiona silinda ndogo iliyolala, na karibu yake tangi na vali yenye mabomba membamba kadhaa, hilo ni la hewa. Silinda ya ombwe ya inchi 21, kipimo kilichotumika sana, ina milimita 533, na ukigawanya kwa 87 unapata 6.1, unene wa penseli iliyopungua kidogo. Usichanganye vitu vya aina mbili kwenye behewa moja, isipokuwa umeliona behewa la kweli lililowekewa vyote, yapo.

Sasa tuje kwenye kinachoonekana. Weka behewa juu ya reli, washa taa upande wa pili, kisha litazame kutoka ubavuni macho yakiwa usawa wa magurudumu. Utaona vivuli tu. Silinda inaonekana, viatu vya breki vinaonekana katikati ya magurudumu, gurudumu au mkono wa breki ya mkono unaonekana sana, na fito zinaonekana kama mistari myembamba. Vitu hivyo ndivyo vya kutilia maanani. Vilivyofichwa nyuma ya boriti kubwa za ubavuni, mimi huviacha, na sioni aibu kusema hivyo, ingawa najua wapo wenzetu wanaoweka hata parafujo ambazo hakuna jicho litakaloziona.

Kuhusu katani, jibu ni hapana, pamoja na heshima zote kwa zao lililoijenga Tanga. Uzi wake una manyoya, na katika kipimo cha 1:87 unyoya mmoja unaotokeza huonekana kama ufito uliochomoka. Nenda kwa fundi anayesuka upya mota za feni, umwombe mabaki ya waya wa shaba wenye rangi ya kuhami, wa milimita 0.3 kwa fito na wa karibu 0.7 kwa bomba kuu, kwani bomba la kweli lenye upana wa nje wa milimita 60 hutoa 0.69. Waya huo huja umejikunja na ni laini; bana ncha moja kwenye jiliwa, shika ncha ya pili kwa koleo, uvute polepole mpaka uhisi umerefuka kidogo. Utanyooka kama mshale na utakuwa mgumu kuliko ulivyokuwa. Fito zifanye nyembamba bila woga: chuma kinachovutwa hakihitaji unene kama kile kinachosukumwa, ndiyo maana fito za kuvutia huonekana nyembamba hata kwenye behewa linalobeba tani nyingi. Ukitaka kumfurahisha anayejua, pitisha chini ya kila ufito mrefu kitanzi kidogo cha bati, kwa kuwa kwenye behewa la kweli vitanzi hivyo huudaka ufito usianguke relini pini ikichomoka.

Viatu vya breki vinawatesa wengi, kwa sababu kila kimoja kinahitaji upinde uleule wa gurudumu. Mimi huchukua kadi ya benki iliyokwisha muda, ambayo unene wake ni milimita 0.76, na kuibandika juu ya kipande kingine cha kadi hiyohiyo. Ikiwa gurudumu lako lina kipenyo cha milimita 10, toboa tundu la 11, kisha kata duara la pili kulizunguka ili ubakiwe na pete, halafu ikate pete hiyo vipande vifupi. Kila kipande ni kiatu chenye upinde sahihi, na nafasi ya nusu milimita kati yake na gurudumu imekwisha kupatikana bila kubahatisha. Kiatu kikae mbele ya uso wa gurudumu unaokanyaga reli, si mbele ya ukingo wake, na katikati yake iwe usawa wa ekseli au chini kidogo. Magurudumu yaondoe kabla ya kutumia gundi ile ya kukauka upesi, usiniulize nimejuaje.

Kuna jambo moja ambalo huenda mjomba wako hakukuambia. Reli iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma kimoja na cha pili, na katika 1:87 upana huo ni milimita 11.5, ndiyo maana waundaji wa mifano hutumia reli ndogo ya milimita 12. Ikiwa reli yako ni ya 16.5, basi mabehewa yako ni ya njia ya milimita 1,435. Kwenye njia nyembamba magurudumu hukaa ndani zaidi chini ya behewa, na breki pia huingia kivulini zaidi. Kwa hiyo ukitaka behewa la Tanga, badilisha kwanza magurudumu ndipo upime mahali pa viatu. Ukifanya kinyume utavibandua vyote. Asiyetaka kununua reli nyingine aweza kujenga mabehewa yake mwenyewe kwa kipimo cha 1:60, kwani 16.5 mara 60 ni 990, na tofauti ya milimita 10 haionekani.

Ukienda stesheni kutazama, mwone kwanza mkuu wa stesheni umweleze nia yako na umwombe ruhusa, na usiingie kamwe chini ya behewa, hata kama limelala pale miezi na nyasi zimeota kati ya mataruma. Simama mbali kidogo, chuchumaa, uchore. Mchoro mmoja wa kuonyesha silinda iko upande gani na wenzo umeelekea wapi utakufaa kuliko picha ishirini za simu zenye giza.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Bagamoyo, mji ambao reli ya kati iliupita ikaanzia Dar es Salaam mwaka 1905, kwa hiyo treni yetu ni ya mezani tu. Niliweka breki za shaba kwenye behewa letu lenye bogi mbili (yale magari madogo ya magurudumu yanayogeuka chini ya behewa), nikaziunga kwa risasi, na zimependeza. Lakini sasa kila behewa likipita, umeme hukatika na injini husimama, na kwenye kona huacha njia. Nimekosea wapi?

JIBU: Dada, umekosea mahali pawili palipo karibu karibu. Reli ya kushoto na ya kulia hubeba umeme wa pande tofauti, na magurudumu ya chuma huuchukua umeme huo. Kwa hiyo boriti ya shaba inayounganisha kiatu cha kushoto na cha kulia, viatu vikigusa magurudumu hata kidogo, huwa daraja la kupitishia umeme kutoka reli moja hadi nyingine. Toa behewa relini, gusisha waya mmoja wa mita ya umeme kwenye gurudumu la kushoto na mwingine la kulia, kisha yumbisha bogi huku ukitazama. Huna haja ya kuvunja kazi yako yote: kata boriti katikati, ziba mwanya kwa tone la gundi na kipande cha plastiki, kisha upake rangi juu yake.

Kuacha njia kunatokana, naamini, na ufito unaotoka kwenye wenzo wa katikati hadi kwenye bogi. Kwenye behewa la kweli ufito huo una pini na ulegevu. Wa kwako umeungwa pande zote mbili, na bogi ikitaka kugeuka inazuiwa. Ukate milimita mbili kabla haujafika kwenye bogi. Mwanya huo hauonekani, na behewa lisukume kwa mkono kwenye kona kali kuliko zote ulizonazo kabla ya kulifunga kwenye treni.

SWALI: Nimeweka breki zote, lakini baada ya kupaka rangi nyeusi hakuna kinachoonekana tena. Nifanye nini? Msomaji, Muheza.

JIBU: Rangi nyeusi hufuta vivuli, na bila vivuli hakuna umbo. Paka kijivu kilichochanganywa na kahawia, na kikikauka pitisha brashi iliyo karibu kavu, yenye rangi nyepesi zaidi, juu ya kingo za silinda na fito. Breki zinapokwaruza magurudumu hutoa vumbi la chuma linalogeuka kutu, kwa hiyo sehemu za karibu na viatu ziwe na wekundu kuliko katikati ya behewa. Kutu ya kweli iliyokwanguliwa kwenye bati kuukuu, ikasagwa na kuchekechwa kwa kitambaa, inafaa kuliko rangi nyingi za dukani, mradi uishikize kwa vanishi isiyong'aa na usiiweke karibu na injini, kwa sababu chembe za chuma zilizobaki ndani yake zitavutwa na sumaku ya mota. Uso wa gurudumu unaokanyaga reli uufute mpaka ung'ae.