Kebo nne, tranki mbili: nimekosea wapi?

SWALI: Swichi zetu mbili za Brocade, kila moja ya poti 24, zinaunganisha seva na hifadhi ya data. Nimeziunga kwa kebo nne za faiba za gigabiti 16, kwenye poti 6, 7, 8 na 9 pande zote mbili. Leseni ya trunking, yaani kufanya kebo kadhaa ziwe njia moja (tranki), ipo kote. Nilitaka tranki moja ya gigabiti 64, ila amri ya trunkshow inaonyesha mbili za kebo mbili mbili.

JIBU: Hakuna kilichoharibika, umevuka mpaka wa kundi. Poti za swichi hiyo zimegawanywa nane nane: 0 hadi 7, 8 hadi 15, 16 hadi 23. Kebo za tranki moja lazima ziwe ndani ya kundi moja, huku na huku. Ndiyo maana 6 imeshikana na 7, na 8 imeshikana na 9.

Gigabiti 64 bado unazo, lakini zinatumika tofauti. Ndani ya tranki, fremu (vipande vidogo vya data) hugawanywa moja moja, kwa hiyo kebo hujaa kwa usawa. Kati ya tranki mbili, kila amri ya kusoma au kuandika huchaguliwa njia yake na kubaki humo, basi upande mmoja unaweza kubanwa huku mwingine una nafasi.

Hamisha 8 na 9 ziende 4 na 5, moja baada ya nyingine. Zima 9 kwa portdisable, hamisha ncha zote mbili ziende 4, kisha angalia trunkshow: 4 ikishajiunga na 6 na 7, ndipo uguse 8. Ukizizima zote kwa pamoja unapunguza njia bila sababu. Kama 4 na 5 zina seva, angalia kwanza zoning yako, yaani orodha ya nani anaruhusiwa kuona nani. Iliyoandikwa kwa WWN (namba ya kipekee ya kifaa chenyewe) haitajali seva ikihama. Iliyoandikwa kwa namba ya poti itaikatia seva hifadhi yake.

Kebo ikikataa kujiunga, linganisha mipangilio ya poti zote kwa amri ya portcfgshow. Mara nyingi moja imefungiwa gigabiti 8, au ina mpangilio wa masafa marefu ambao wenzake hawana. Na kama leseni iliwekwa baada ya kebo kuwaka, zima na uwashe poti hizo. Tranki huundwa kiungo kinapoanza upya.

SWALI: Kebo moja ni ya mita 5, nyingine ya mita 50. Zitaungana?

JIBU: Zitaungana, kwani kikomo cha tofauti ni mita 400, lakini kwa utendaji mzuri isizidi mita 30. Nuru hutumia takriban nanosekunde 5 kwa kila mita ya kioo, na swichi lazima isubiri fremu za njia ndefu ili zifike kwa mfuatano. Soma safu ya deskew (tofauti ya muda kati ya kebo) kwenye trunkshow: kebo fupi kuliko zote hupewa 15, na kila namba juu ya hapo ni nanosekunde 10. Tafuta kebo mbili za urefu unaokaribiana.