Maswali ya bustani: kiangazi chetu na majira ya wengine

Barua za mwezi huu karibu zote zina ndugu ndani yake. Hapa Lubumbashi mtu wa Kamalondo ana dada Liège, Ubelgiji, mtu wa Ruashi ana kaka Johannesburg, wanatumiana picha za bustani kwa simu, halafu mmoja anabaki kujiuliza kwa nini mboga zake zinakataa wakati za mwenzake zinakubali. Mazungumzo hayo nayapenda sana. Ila tusikopeshane tarehe. Tuulizane kwanza maji yanakuja lini, usiku una baridi kiasi gani, na mchana una urefu gani.

Jambo Mama. Nilinunua mbegu za nyanya mjini, pakiti imeandikwa kusia mwezi wa pili hadi wa nne. Nikafuata, nikasia mwanzo wa mwezi wa pili. Majani yakapata madoa meusi, mashina yakaoza, sikuvuna hata kisahani. Mbegu zilikuwa mbovu? (Mama wa Katuba)

Mbegu hazina kosa, mama. Kalenda ya pakiti hiyo iliandikwa kwa ajili ya mtu wa Ulaya. Mwezi wa pili yeye anasia ndani ya nyumba, karibu na dirisha, kwa sababu nje hakuna kitakachoota. Miche inatoka nje mwezi wa tano. Wazee wa Ubelgiji na Ufaransa hata husubiri ipite sikukuu ya watakatifu Mamert, Pancrace na Servais, tarehe 11, 12 na 13 za mwezi huo, maana kabla ya hapo jalidi ya usiku mmoja inaweza kuua nyanya zote. Wao wanakimbia baridi.

Sisi Lubumbashi tunakimbia maji. Mwezi wa pili mvua bado ni ya karibu kila siku na jani halipati muda wa kukauka. Ugonjwa uliokupata, kwa jinsi ulivyoueleza, ni mildiu. Siku nyingine geuza jani lenye doa asubuhi mapema: ukiona ukungu mweupe upande wa chini, kuzunguka doa, ndiyo yenyewe. Vimelea vyake vinaogelea kwenye utando wa maji juu ya jani, na ndivyo vilevile vilivyoteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, nchi ambayo mvua yake haina msimu.

Sia kitaluni kuanzia katikati ya mwezi wa tatu, hamisha miche mwishoni mwa mwezi wa nne mvua inapoaga, uvune kuanzia mwezi wa saba. Maji mwagilia kwenye shina, asubuhi, usiyarushe juu ya majani. Na kwa kuwa usiku wa mwezi wa sita na wa saba kwetu una baridi inayochelewesha matunda, panda mbele ya ukuta unaotazama kaskazini. Vitabu vya Ulaya vinasema ukuta wa kusini. Kwao ni kweli. Kwetu, katika miezi hiyo, jua linapita upande wa kaskazini mwa anga, na ukuta wa kusini unakaa kivulini mchana kutwa.

Mama, dada yangu yuko Liège, alinitumia mbegu za vitunguu vikubwa vizuri sana, yeye mwenyewe anavuna kama ngumi. Zangu zimetoa majani marefu ya kijani, miezi sita sasa, chini hakuna kitu. Niongeze samadi? (Kijana wa Kampemba)

Usiongeze chochote, mwanangu. Hata ukimwaga samadi ya ng'ombe kumi, hakitafunga.

Kitunguu kinaamua kutengeneza tunguu kwa kupima urefu wa mchana. Aina za Ulaya ya kaskazini hazianzi mpaka mchana ufike saa 14 hadi 16. Kwa dada yako hilo ni jambo rahisi: mwezi wa sita Ubelgiji ina mchana wa karibu saa 16 na nusu, ingawa mwezi wa kumi na mbili unashuka chini ya saa 8. Sisi tuko kwenye nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta. Mchana wetu mfupi kabisa, mwezi wa sita, ni karibu saa 11 na nusu, na mrefu kabisa, mwezi wa kumi na mbili, haufiki saa 13. Kitunguu cha Liège kitasubiri hapa miaka yote ishara ambayo haiji.

Tafuta aina za mchana mfupi. Red Creole ni mojawapo, Texas Grano nyingine, na Violet de Galmi ya Niger inasifiwa Afrika ya Magharibi yote. Sia mwezi wa pili au wa tatu chini ya kifuniko cha nyasi, hamisha mwezi wa nne, mwagilia kiangazi chote, halafu kata maji majani yanapoanza kulala. Utavuna mwezi wa nane au wa tisa, hewa ikiwa kavu, na vitunguu vitakaa ghalani bila kuoza. Kitunguu kikivunwa ndani ya mvua hakikai.

Urefu wa mchana unaeleza mengi ambayo watu huyadhania kuwa siri ya mbolea. Huko Palmer, Alaska, jua la kiangazi chao linakaa juu zaidi ya saa 19, na kwenye maonyesho ya kilimo ya mwaka 2012 mkulima mmoja alileta shu (kabichi) moja ya zaidi ya kilo 62. Ukiona picha ya namna hiyo usijione mvivu. Na majani yako ya sasa yakate, yaingize kwenye maharage, ni matamu.

Je, tufaha linaweza kuzaa Lubumbashi?

La Ulaya, hapana. Linataka mamia ya saa za baridi ya chini ya nyuzi 7 ndipo liamke vizuri, na kwetu hata mwezi wa saba ifikapo saa sita mchana umeshavua sweta. Aina mbili zinazoridhika na baridi kidogo ni Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden ya Bahamas. Panda zote mbili, zinachavushana. Wakulima wa Batu, kisiwani Java, wanakwenda mbali zaidi: baada ya mavuno wanang'oa majani yote ya mti kwa mkono ili kuulazimisha utoe machipukizi mapya.

Mama jambo. Nimehamia hapa kutoka Bukavu. Kule tulikuwa tunapanda maharage mara mbili, mwezi wa tisa na mwezi wa pili. Hapa nilipanda mwezi wa tisa, majirani wakanishangaa, na kweli yamekauka. Udongo huu una shida gani? (Mama wa Annexe)

Karibu sana kwetu, mama, na pole kwa maharage. Udongo mwekundu wa hapa una shida zake, lakini hii si mojawapo.

Ukanda wa mvua unafuata jua, ukichelewa kidogo nyuma yake. Bukavu iko karibu sana na ikweta, nyuzi mbili na nusu tu kusini. Jua linapita juu ya vichwa vyenu mwishoni mwa mwezi wa tisa na tena katikati ya mwezi wa tatu, karibu nusu mwaka kati yake, ndiyo maana mna misimu miwili ya kupanda na kiangazi kifupi kuanzia mwezi wa sita. Goma vilevile, ingawa kwao mawe ya volkano yanapitisha maji haraka na mboga inasikia kiu mapema. Hapa Lubumbashi jua linapita juu yetu karibu na tarehe 24 mwezi wa kumi, linakwenda kusini, linarudi karibu na tarehe 18 mwezi wa pili. Hiyo ni chini ya miezi minne. Mvua mbili zinaungana kuwa moja ndefu, na mwaka uliobaki ni ukavu wa kweli, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa bila tone.

Kwa hiyo maharage yako yapande mwishoni mwa mwezi wa kwanza au mwanzo wa mwezi wa pili, ili maganda yakauke mvua inapokwisha. Ukipata kipande bondeni karibu na mto, utapata msimu wa pili kwa kumwagilia. Wa bure kama wa Bukavu, haupo.

Mvua kubwa ilinyesha katikati ya mwezi wa kumi, jirani akapanda mahindi kesho yake. Mimi nimesubiri na sasa naona nimechelewa. Dalili gani ya kuaminika? Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, anasema jacaranda zikichanua tu, panda. (Baba wa Ruashi)

Yaya yako ana heshima yake, lakini jacaranda usiisikilize. Inachanua mwezi wa tisa na wa kumi, barabara zote zinageuka zambarau, na bado hakuna tone. Pretoria inachanua hivyohivyo, na mji wa Grafton huko Australia una tamasha la maua hayo lililoanza 1935. Mti huo ni wa Amerika ya Kusini, hauna habari na mvua ya Katanga. Hata miti yetu ya miombo inayotoa majani mapya mekundu mwezi wa tisa inatumia maji ya chini sana, ambako mzizi wa hindi hautafika kamwe.

Mvua ya mwezi wa kumi mara nyingi ni ya joto la hapa hapa: jua liko juu ya utosi, hewa inapanda, wingu linajengeka mchana, radi, maji, basi. Mtaa mmoja unalowa, wa pili unabaki na vumbi. Ukanda wenyewe wa mvua haujafika. Kati ya hapo unaweza kukaa wiki mbili kavu, na hindi lililochipua linafia hapo.

Wahindi wanalijua jambo hili vizuri. Masika yao yanategemewa kuingia Kerala tarehe 1 mwezi wa sita, lakini idara yao ya hali ya hewa haitangazi kwa mvua moja. Ina vituo 14. Lazima angalau asilimia 60 ya vituo hivyo vipate milimita 2.5 au zaidi kwa siku mbili mfululizo, na upepo nao uwe umegeuka. Kama wao wenye vipimo hawaiamini mvua ya kwanza, wewe mwenye jembe uiamini kwa nini?

Chimba shimo. Ukikuta udongo mbichi mpaka mkono uingie hadi kwenye kiwiko, panda. Juu pakilowa na chini pakiwa na vumbi, subiri. Katikati ya mwezi wa kumi na moja hadi mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili ndio muda wetu, hujachelewa. Hofu ikizidi, panda nusu ya shamba sasa na nusu baada ya siku kumi.

Nikitaka kujifunza kwa watu wa nje wenye hali kama yetu, niwatafute wapi?

Swali zuri kuliko yote. Sisi tumezoea kuuliza Ubelgiji kwa sababu ndugu wako huko na vitabu viko huko. Tazama badala yake Lusaka, Lilongwe, Huambo. Na ukivuka bahari, Brasília: iko mita 1,170 hivi juu ya bahari, karibu sawa na sisi, ina kiangazi cha mwezi wa tano hadi wa tisa, ina udongo mwekundu wenye asidi. Pale ndipo kilipo kituo cha mboga cha Embrapa, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Brazili, kilichotoa mwaka 1981 karoti iitwayo Brasília kwa ajili ya miezi ya joto na mvua, miezi ambayo karoti za Ulaya hapa zinaungua majani. Darwin ya Australia iko karibu kabisa na mstari wetu, nyuzi 12 na nusu kusini, nao wanalima nyanya na saladi wakati wa kiangazi kama sisi. Ila wako pwani, usiku wao hauna baridi, basi tarehe zao za kabichi ziache.

Kaka yangu yuko Brussels, anaomba lengalenga (mchicha). Nimpe mtu anayesafiri mbegu kidogo kwenye sanduku?

Usifanye hivyo. Tangu tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 2019, Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mimea kwa mbegu zinazotoka nje, hata kama ni konzi moja, na anayesafiri ndiye atakayekamatwa nazo. Mwambie kaka atafute mbegu huko huko kwa wauzaji, zipo za aina mbalimbali. Asie nje baada ya katikati ya mwezi wa tano, mahali penye jua kamili, akiweza chini ya nailoni. Michana yao mirefu itachelewesha maua, kwa hiyo atapata majani mengi laini kwa wiki nyingi, akate kila mara juu ya kifundo cha pili. Mwezi wa kumi baridi ikianza, ang'oe yote.